Kolini ya Kuliwa kwa Niaba

Nilipokuwa na mimba ya kwanza, muuguzi wa kliniki alinisisitizia mayai na maini. Alisema ndani yake kuna kitu kinaitwa kolini, kinachosaidia kujenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Mwili hujitengenezea kidogo tu, na hicho kidogo hakitoshi, hasa ukiwa unalisha wawili. Maini kwetu mtaani Laini Saba yalikuwa ya Krismasi. Mayai yalikuwa kila kona, ila mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Kitui kuhakikisha siyali.

Yeye alishikilia kwamba mjamzito hali mayai: mtoto atanenepa tumboni, halafu akwame. Kila jioni alininusa mdomo kama askari anayetafuta mlevi. Mchana alibeba kigoda chake hadi kwa muuza mayai boilo, yale ya kuchemshwa na kutiwa kachumbari, kando ya reli, akaketi hapo na kufukuza kila mwanamke mwenye tumbo, hata waliokuwa wamenona tu. Mume wangu, shujaa wangu, akaamua kuyala kwa niaba yangu.

"Si mimi ndio baba?" aliniambia, kachumbari ikiwa imenasa kwenye ndevu. "Itafika tu."

Nilitamani kumpiga na sufuria. Mimi nilitaka mtoto mwenye ubongo, na miezi ilikuwa inaenda. Nikamburuta mama mkwe hadi kliniki, agombane na muuguzi mwenyewe.

Aligombana haswa. Foleni nzima iliacha kulalamika ili isikilize. Muuguzi alingoja amalize.

"Shosho, yai halikwamishi mtoto," akamwambia. "Akilala vibaya, ama nyonga ikiwa ndogo, anakwama hata kama mama alikula sukuma wiki pekee."

Mama mkwe akakaa chini. Akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua anayo, "Kwa hivyo yule wangu wa kwanza, si yai nililokula?"

"Si yai, mama."

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mume wangu aliwahi kuwa na kaka. Hasira yangu yote iliniishia hapo kwenye benchi, nikalia mbele ya watu. Mama mkwe hakulia. Alimgeukia mama mmoja asiyemjua kabisa, akapinda kiganja kumwonyesha ukubwa wa kichwa cha yule wa kwanza.

"Alikuwa na nywele," akasema. "Nyingi sana."