Mbingu ya Koko

Hadi leo, mimi wa kushinda jikoni, nikimimina siki kichefuchefu hunipata. Tonton, mjomba wetu, alikuwa mpiga picha, na picha alizisafishia chooni kwetu, chumba pekee alichoweza kukitia giza. Dawa zake zilinuka siki. Choo kilinuka choo.

Siku hiyo alisafisha picha pekee ya koko, bibi yetu mgonjwa, aliyempiga picha kutoka chini ili mawingu yamzunguke. Mimi nilikuwa mlangoni, tumbo likinikata kwa matunda ya marakuja niliyoyala mabichi.

“Tonton, fungua!”

“Mwangaza ukiingia, koko anapotea! Vumilia, mutoto!”

Nilivumilia hadi kaptula ikajaa, ikachuruzika mpaka kwenye soksi.

Koko aliitazama picha, akaziba pua.

“Mbingu iko muzuri. Sasa mupeleke uyu ku ziwa akaoge, ao nitakufa na arufu mbele ya ugonjwa.”