Bi Kibaba Aliyeanika Mafuta

Bi Kibaba anauza mafuta ya kupikia ya kupima. Kama unadhani kazi hiyo haitaki akili, hujawahi kummiminia mafuta mteja anayekukodolea macho kama hakimu. Jina alipewa na wateja, kwa sababu hata ukitaka kijiko kimoja anakupimia. Mwaka huu kichwa chake kimevurugika, na mimi simcheki, maana hata changu hakiko sawa.

Ilianza na mjukuu wake wa kike. Miaka miwili kasoro, hasimami, na ukimshika mikono asimame, miguu inapinda kama koleo. Majirani wakasema ni matege tu, yataisha yenyewe. Bi Kibaba akambeba mpaka kliniki.

Muuguzi akauliza, "Mtoto anashinda wapi?"

"Dukani na mimi, nyuma ya kaunta. Nje si pikipiki zitamgonga?"

"Basi jua halimpati, bibi. Mifupa yake imelainika kwa kukosa vitamini D. Jua ndilo linaitengeneza kwenye ngozi. Mpe matone haya kila siku, mtoe juani, na nyumbani pikieni mafuta yaliyoongezwa vitamini."

Mafuta! Si ndiyo anayouza? Debe analoletewa limeandikwa wazi: yameongezwa vitamini A na D. Akarudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu akili ikafanya kazi kupita kiasi. Kama jua linatia vitamini kwenye ngozi, litashindwaje kwenye mafuta? Akayamimina kwenye chupa za plastiki, akazipanga kibarazani. Jua likihama, naye anahama nazo, mjukuu kando yake. Ya kumpikia mjukuu ndiyo yaliyoanikwa siku nyingi kuliko yote, ati yakolee. Wateja wakafurahi: mafuta yanang'aa, unaona mpaka upande wa pili.

Wiki ya tatu akaja dereva wa kiwanda na madebe mapya.

"Mama, unaanika mafuta kama nguo?"

"Nayaongezea vitamini."

Jamaa akacheka mpaka akashikilia mlango wa gari. "Unaiua! Mwanga unaiharibu. Ndiyo maana sisi tunayafungia kwenye debe."

"Usinichezee, baba. Jua linaitengeneza au linaiua?"

"Kwenye ngozi linaitengeneza. Kwenye mafuta linaiharibu."

"Na jua ni hilo hilo moja?"

"Hilo hilo."

"Basi ni ndumilakuwili!"

Nilikuwepo, nasubiri nusu lita yangu. Nikatafuta kwenye simu, nikasoma maelezo mara nne. Dereva yuko sahihi, muuguzi yuko sahihi. Ukitaka nikueleze zaidi ya hapo, tutagombana.

Kuchekwa hakukumuuma. Kilichomuuma ni kwamba wiki tatu nzima alikuwa anamlisha mjukuu mafuta aliyoyaharibu kwa mikono yake mwenyewe, na watoto wa mtaa mzima pia. Siku hiyo hiyo akaingiza chupa zote ndani, akafungua debe jipya na kuliweka chini ya kaunta, na mfuniko juu.

Wateja nao wakaanza. "Bi Kibaba, mbona umeyaficha? Umeyachanganya na nini?"

"Nayakinga na jua."

"Juzi si ulikuwa unaota nayo jua?"

Wawili wakahamia duka la pili. Wale waliobaki wakaomba wachungulie kwanza.

Akarudi kliniki roho mkononi. Muuguzi akapima nafasi kati ya magoti ya mtoto, akasema imepungua kidogo.

"Imepungua?" Bi Kibaba hakuamini. "Na mafuta nimeyaua! Kilichomsaidia ni nini?"

"Matone, bibi. Na jua. Mafuta ni ya kuwakinga nyote nyumbani, na mtoto atakayefuata asifike hapa."

"Kwa hiyo yale niliyoanika hayajamdhuru?"

"Vitamini ndiyo imepotea. Hayo ya kwenye debe ndiyo mpikie sasa, na matone usiache."

Bi Kibaba alinisimulia kwamba hakujua acheke au alie. Mjukuu alikuwa ameshika ukingo wa meza, amesimama mwenyewe, magoti bado yamepinda, anatetemeka na kucheka. Bibi yake akamtazama, akautazama mlango.

"Sasa nikitoka naye hapa, nimpitishe juani au kivulini?"

"Juani, bibi."

"Niandikie."