Sita ya Pau

Mwanangu, kuna alasiri moja inayonirudia kila ninaposhika sindano na uzi, na leo nakusimulia ungali hujui hata kushika kijiko. Sina mvi. Watu wa rika langu hawajaanza kutoa nasaha, na wakijua nakuandikia haya watanicheka. Lakini naogopa nikingoja uzee nitakuwa nimeisimulia mara nyingi, nimeipunguza hapa na pale, hata nitoke ndani yake mtu mzuri. Sikuwa mzuri.

Ilikuwa hapa hapa Kibokoni, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, barazani kwa Mzee Mbwana. Kila siku baada ya swala ya alasiri tulicheza karata, wawili dhidi ya wawili, bila pesa; wanaoshindwa wanawapisha wengine. Mimi karata sikufundishwa na mtu. Babangu hakuzitaka nyumbani, basi nilinunua zangu Mwembe Tayari nikawa nazitandaza kitandani, mlango nimeufunga, nacheza mikono yote minne peke yangu. Nikikosea narudia tangu mwanzo. Nilikuwa hivyo kwa kila kitu: hata kanzu nikiipiga pasi na mkunjo mmoja ukabaki, sitoki.

Katika mchezo wetu, karata kubwa ni ree, yenye hesabu kumi na moja. Inafuata saba, hesabu kumi. Halafu wale wazungu, yaani karata zenye picha za watu: wa nne, wa tatu na wa pili, kila mmoja na hesabu ya jina lake. Nane, tisa na kumi hatuzichezi. Zilizobaki, kuanzia mbili hadi sita, hazina hesabu yoyote, na huitwa magarasa. Mtu akiwa hana faida tunamwita garasa pia. Utalisikia neno hilo. Usilitumie kwa mtu.

Sasa ikawa kila siku ni ugomvi wa ree. Aliyezipata alicheza huku akiimba, na aliyezikosa alisema zimechanganywa kwa hila. Mzee Mbwana akachoka. Baada ya Idi alizitoa ree zote nne mbele yetu, akazilaza chini ya sinia ya kahawa.

"Zitakaa hapo," alisema. "Tuone nani anajua kucheza na nani alikuwa akipewa tu."

Watu walinung'unika, ila mimi usiku ule sikulala kwa furaha. Nilizitandaza tena kitandani bila ree na nikaona mchezo umegeuka. Mzungu wa pili, ambaye watu humtupa kama ganda la chungwa, sasa hesabu zake mbili zilikuwa zaamua mchezo. Na garasa la turufu, yaani lile dogo la aina iliyotangazwa kuwa inakata nyingine zote, lilikuwa limepata cheo: ukilishika hadi mwisho, linaila saba ya mtu, nayo saba sasa ndiyo kubwa kuliko zote. Niliwaambia vijana wote wajaribu. Walijaribu, wakashinda, wakaanza kuniita mwalimu. Jina hilo lilinilevya, mwanangu.

Mwenzangu wa kucheza alikuwa Ami Athmani, fundi wa kanzu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tarizi yake ya shingoni ilijulikana kisiwa kizima; watu walitoka hadi Bondeni kumletea vitambaa vya harusi. Zamani alicheza vizuri. Tangu ree kutolewa akawa anakosea, na mimi sikujiuliza kwa nini. Niliona ni uzembe. Nikamweleza mara moja, mara mbili, "Ami, ukipata garasa la turufu, lishike. Usilitoe mpaka mwisho." Akaniitikia, "Nimekusikia, mwanangu." Alikuwa mtu wa kuitikia.

Siku yenyewe walikuja wageni kutoka Bondeni, Salim mwenye duka la viatu na nduguye. Baraza lilijaa. Turufu ilikuwa pau. Salim akaanza na garasa la shupaza, nikaweka mzungu wa nne, nduguye akatupa kitu kisicho na maana. Karata zile zilikuwa zetu tayari. Ami Athmani, wa mwisho, alitakiwa kuongeza shupaza yoyote tu. Akaweka sita ya pau. Akaikata karata ya mwenzake kwa turufu, bila sababu.

Nikaanza kuhesabu karata zilizobaki. Na mwisho ukaja kama nilivyouhesabu: Salim akatoa saba ya kopa, na Ami mkononi amebakiwa na garasa la shupaza, lisiloweza kukata chochote. Tukashindwa kwa saba ile.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Niliifukua ile sita kwenye rundo letu nikamwekea Ami karibu na uso.

"Ami, hii ni nini?"

"Basi, imeshapita," akasema.

"Itaje. Nataka watu wasikie kwamba nilikwambia."

Mzee Mbwana aliniita jina langu, mara moja, kwa sauti ya chini. Nilimsikia. Sikuacha.

Ami akaitazama ile karata. Akairudisha nyuma kidogo, akaisogeza mbele. "Sita ya shupaza," akasema.

Pau na shupaza zote mbili ni nyeusi, mwanangu, na karata zilikuwa zimechakaa. Lakini mwenye macho haziwezi kumpotea. Ree, Ami alizitambua kwa ule mchoro mmoja mkubwa wa katikati, wazungu kwa nguo zao, na magarasa zamani alitupa lolote kwa kuwa hayakuwa na kazi. Ni sheria mpya, na mimi mwalimu wake, tuliomlazimisha kuyasoma.

Salim akacheka. Nadhani alidhani ni mzaha. "Fundi, kumbe ndiyo macho yanayonishonea kanzu ya mwanangu? Asije akaozwa na mikono mitatu."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu Ami hakucheka. Alilaza karata yake kifudifudi, taratibu, akaisawazisha na ukingo wa mkeka.

"Naona magharibi imekaribia," akasema, akainuka. Jua lilikuwa bado limejaa ukutani.

Asubuhi yake Salim alikuja kuchukua kitambaa chake, kwa adabu nyingi, akisema harusi imeahirishwa. Haikuahirishwa. Wengine wakafuata, kila mmoja na udhuru wake mzuri. Mwezi haujaisha, fundi wa tarizi alikuwa anabadilisha vifungo na kupunguza suruali za watoto wa shule.

Nilikaa siku nyingi nikipita njia nyingine. Nilijiambia nangoja nipate maneno yaliyokamilika. Nilikuwa nayajaribu mbele ya kioo, nikiyaona yana kasoro, nayaanza upya. Huo nao ulikuwa woga tu, niliuvisha nguo ya uangalifu. Siku nilipobisha hodi kwa Ami maneno yote yaliniruka.

"Karibu," akasema. "Umekuja na karata?"

Nikasema nimekuja kuomba radhi, kwamba nilisema vibaya.

"Ulisema kweli," akasema. "Ungesema uongo ningekujibu."

Akanisukumia sindano na uzi juu ya meza. "Nitungie."

Uzi ukapita pembeni, nikaulowesha kwa mate, ukapita pembeni tena. Mimi, mwenye macho mazima, mbele ya mtu niliyemwaibisha kwa macho. Sikuthubutu kuinua uso. Nilipouinua nilimkuta amegeukia dirishani, amenipa mgongo.

"Taratibu," akasema. "Hakuna anayekutazama."

Tangu siku ile nilipita kila asubuhi kumtungia sindano za kutwa nzima, nikizichomeka moja moja kwenye kimto chake cha sindano, hadi alipoacha kazi. Wateja hawakurudi. Sikutengeneza kitu, usidhani nilitengeneza.

Ukija kucheza karata, mwanangu, lishike garasa lako la turufu, na usimtupe mzungu wa pili. Hayo nilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Lakini mtu wako akikosea, kabla hujafungua mdomo tazama nani wamekaa. Mvute kando umuulize, na umuulize kwa kutaka kujua, maana huenda kosa unaloliona ni pazia la jambo analolificha kwa jitihada zake zote. Na mtu anapohangaika, geukia dirishani.

Mungu akupe macho mema. Yakichoka, akupe mtu wa kukutungia uzi asubuhi, asiyemwambia yeyote.