Kola ya Amisi

Watu wa Makiso, mjini Kisangani, humjua Karima kwa ukimya wake. Ukipita barazani kwake asubuhi utamkuta ameinama juu ya kanzu ya mtu, pini mdomoni, na ukimsalimu atakuitikia kwa nyusi. Wapo wanaosema ana kiburi. Hana kiburi hata chembe. Ana pini mdomoni, basi, na mtu mwenye pini mdomoni hawezi kuwa mchangamfu.

Alizaliwa Kasongo, kule Maniema, akaletwa Kisangani angali anabebwa mgongoni. Mama yake, Mama Safi, alifika mjini hana kitu zaidi ya watoto wawili na kikopo cha sindano, na kwa sindano hizo aliwalea wote, Amisi na mdogo wake Karima. Alikuwa akitarizi kola za kanzu. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimevunjika zamani kikaunga vibaya, kwa hiyo kila mshono wake ulipofika kwenye pembe ya kola, kabla ya kugeuka, uzi ulilala kidogo kushoto. Kwa macho huuoni. Ukipitisha kidole, unausikia.

Wanawe aliwawekea alama shingoni mwa nguo zao. Karima alikuwa na kitawi cha majani, Amisi alikuwa na mawimbi mawili yaliyofungana. Mwanzoni ulikuwa mchezo wa mama na watoto. Macho ya Mama Safi yalipozimika, ukawa msaada: alishika shingo ya nguo, akajua nani yuko mbele yake. Baadaye kumbukumbu nayo ikaanza kumtoka, sauti za watu zikachanganyika kichwani mwake, akawa anamwita Karima kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Lakini vidole vyake havikukosea hata siku moja.

Amisi alipanda chombo kwenda Yanonge kununua samaki, chombo kikazama, na mwili haukuonekana. Nyumbani ilibaki kanzu yake moja. Mama Safi alikaa na kanzu ile mapajani, akipapasa kola mchana kutwa, mpaka nyuzi zikaanza kukatika. Karima aliona wazi kwamba ipo siku kola ile itabaki kitambaa kitupu, na hapo mama yake atampoteza Amisi mara ya pili.

Wakati huo mashine za manjano zilikuwa zimeingia mjini. Ni mashine za kutarizi zenye kompyuta ndani na jicho juu: unaweka kitambaa chini ya jicho, mashine inasoma mchoro, inaushona yenyewe. Kampuni iliziuza kwa bei ya kutupa. Ubaya ulijulikana baadaye. Mashine ilikubali uzi wa kampuni peke yake; ukiiwekea wa sokoni, sindano inasimama juu na haishuki. Waliouza uzi wakafunga maduka, waliouza mashine nyingine wakafunga, na mafundi wakajikuta hawana kwa kwenda ila kwa Kampuni ya Manjano.

Aliyewaokoa kwa muda ni Lionel, jirani yake Karima, aliyesomea kompyuta chuoni. Aliandika programu yake mwenyewe, ukiiingiza ndani ya mashine inashona kwa uzi wowote na mchoro wowote. Mafundi wa Makiso walimwombea dua hadi akaona aibu.

Basi Karima, aliyekuwa na mashine moja yenye programu hiyo, akaiweka kola ya Amisi chini ya jicho. Mashine ikasoma, ikauliza mchoro huu unaitwaje, naye akaandika: Amisi. Ikauliza tena, safari hii kwa Kifaransa kirefu kisicho na pumzi, na chini yake kulikuwa na kitufe chekundu na cha kijani. Chekundu kilikuwa kinafunga kila kitu. Akabonyeza cha kijani. Kabla sindano haijashuka umeme ukakatika, kama kawaida ya umeme wetu. Karima hakuhangaika. Mchoro ulikuwa umeshahifadhiwa, na ataushona kanzu ya zamani itakapoisha.

Lionel akaacha kuonekana mtaani, na mashine zenye programu yake zikazimika moja baada ya nyingine. Ya Karima ikabaki imekufa kwenye kona, akaifunika khanga.

Adhuhuri moja, Karima alikuwa anamenya makemba, ndizi za kupika, umeme ukarudi. Chini ya khanga mashine ikaanza kunguruma. Akaifunua. Hakuna uzi, hakuna kitambaa, na sindano inapanda na kushuka, inashona hewa. Akadhani ni hitilafu. Kisha akaifuata kwa macho, akaona inakwenda wimbi, inarudi wimbi, yanafungana. Na ilipofika kwenye pembe, kabla ya kugeuka, ikalala kidogo kushoto.

Nyuma yake Mama Safi aliinua kichwa.

“Karibu, baba,” akasema kuelekea mlangoni. “Amisi anaingia. Mufungulie.”

Karima alichomoa waya. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kanzu ya zamani ilikuwa mapajani mwa mama, na juu ya kola hapakuwa tena na uzi hata mmoja; nyuzi zote zilikuwa zimeanguka sakafuni.

Haukupita muda mrefu jina likaanza kupita barabarani.

“Amisi! Amisi mupya! Njoo ubebe Amisi!”

Mama Safi alisimama akaangusha kikombe. Karima alitoka mbio, akamkuta mchuuzi amejaza mashati begani. Alishika kola ya shati la juu bila kuomba ruhusa. Mawimbi mawili. Akapitisha kidole penye pembe, akakisikia: kidole kilichovunjika cha mama yake, kwenye kila shati, begani kwa mtu asiyemjua.

“Ile motif ya kola inaitwa hivyo,” mchuuzi akamwambia, akivuta shati lake. “Mashine zote za manjano ziko nayo. Ni yenyewe inatoka sana.”

Tangu siku hiyo Karima aliishi na hofu. Wanaume walipita na kola ya kaka yake shingoni: dereva wa toleka, zile baiskeli za abiria, karani wa benki, mzee wa kuuza kuku. Mteja mmoja alikuja kupima suruali, akainama kumsalimu bibi kizee, na Mama Safi akamshika shingoni.

“Ulikawia, Amisi,” akasema. “Kaa, ukule.”

Yule bwana alikuwa mstaarabu, alicheka kidogo, akakaa, akala matonge mawili, akaaga. Alipoondoka Mama Safi alisukuma sahani. Kesho yake hakugusa chakula, wala siku iliyofuata. Karima alibembeleza, akakaripia, akalia.

“Nitakula na Amisi,” mama alisema. “Aliniambia anarudia.”

Hapo ndipo Karima alipoelewa kwamba jambo hili si la maudhi tu. Mama yake alikuwa anaishi kwa maji na uji kidogo, anakonda mbele ya macho yake. Akaiwasha mashine, akaiwekea uzi wa kampuni, akautafuta mchoro. Alitaka kola moja tu, aishone kwenye mto, mama apate kuishika na kutulia. Kwenye kioo yakatokea maneno: mshono huu una mwenyewe, lipia kibali. Kisha mashine ikajifunga.

Ofisi ya kampuni ilikuwa katikati ya Makiso, ina baridi ya kiyoyozi na viti vya manjano. Aliyempokea aliitwa Patricia, dada mpole mwenye sauti ya kuuguza wagonjwa, na upole huo ndio uliomtisha Karima zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

“Bon, mama, nitakuelezea,” akasema. “Mchoro, uliutoa mwenyewe, ulibonyeza kukubali. Lakini kikubwa si mchoro, ni ile pembe. Mashine zote duniani zikifika kwenye pembe, kitambaa kinakunjamana. Ile yako haikunjamani, sababu mshono unalala kwanza. Mainjinia wetu waliona, wakaiandika kwa programu, wakachukua brevet. Donc sasa ile njia iko ya kampuni. Programu ya mwingine haina ruhusa ya kushona vile.”

Brevet ndiyo hataza: karatasi ya serikali inayosema wazo hili lina mwenyewe, na wengine wakae kando.

“Ni kidole cha mama yangu,” Karima akasema. “Kilivunjika.”

“Kidole hakiandikishwi, mama. Njia njo inaandikishwa.”

“Basi jina. Mutoe jina. Wanaliita barabarani, na mama anasikia.”

Patricia alionekana kuhuzunika kweli. “Jina linauzika sana,” akasema. “Lakini ninaweza kukupatia réduction, nikupunguzie bei ya kibali.”

Karima aligeuka asimtemee mate, na katika kugeuka akamwona Lionel, nyuma ya kioo, ana beji ya manjano kifuani. Kijana alitoka, macho chini.

“Yaya Karima, dada yangu, walinipa kuchagua,” akanong’ona. “Tribunali, nishitakiwe, ao kazi. Waliniambia programu yangu inashona ile pembe, kwa hiyo niliiba. Nikachukua kazi.”

“Na programu iko wapi?”

“Waliinunua.”

“Wanaitumia?”

“Hapana. Waliinunua ili isitumike.” Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. “Iko humu ndani, kwa sanduku. Nayo inaniangalia kila asubuhi.”

Karima alirudi nyumbani akiapa hatanunua tena chochote cha kampuni ile, akashika sindano ya mkono. Alikuwa fundi mzuri, na uzuri wake ndio uliomponza. Vidole vyake vilikuwa vimenyooka. Alijaribu kukunja cha shahada, akakifunga kijiti, akashona mpaka ncha zikatoka damu, na kila pembe ikatoka safi. Mama Safi aliipapasa kazi ile akairudisha.

“Hii ni ya fundi mwingine,” akasema kwa adabu, kama anavyosema mtu kwa mgeni.

Ikafika Idi. Karima hakutaka kumpeleka mama uwanjani, lakini umkatalie vipi mama yako Idi? Karima alivaa gauni lake lenye kitawi shingoni, akamshika mama mkono, wakakaa kwenye mikeka ya wanawake. Sala ilipokwisha watu wakainuka kukumbatiana, Karima akageuka kupokea salamu ya jirani, na alipogeuka tena mkeka ulikuwa mtupu.

Alimwona mbali, katikati ya wanaume. Mama Safi alikuwa anaifuata safu, mkono mbele, anashika kola moja baada ya nyingine. Wanaume waliinama wenyewe, wakidhani bibi anawapa baraka. Na kwenye kila shingo sauti yake nyembamba ilisikika, haina mshangao wowote, ina furaha tu.

“Amisi. Na weye Amisi. Amisi. Asante, Mungu. Amisi.”

Karima alianza kupenya katikati yao. Vijana, wazee, wanene, wembamba, wote waliitikia kwa kichwa, na kwa kitambo kidogo hata yeye hakuwa na hakika kwamba kaka yake hayumo.

Mama Safi alisimama kwa mmoja, akamng’ang’ania mkono wa kanzu, akaketi chini. Bwana huyo alikuwa na watoto wanaomsubiri, akawa anatazama huku na huku, ameona haya kumbandua kizee. Karima akapiga magoti mbele yao.

“Mama, ni mimi. Twende.”

Mama alinyoosha mkono, akapapasa shingo ya gauni, akakuta kitawi. “Ni weye Karima,” akasema. “Rudia nyumbani, mwanangu. Mimi niko na kaka yako. Sitamuacha tena.”

Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Pembeni mwa uwanja mchuuzi alikuwa akiita jina lile lile, na Karima, aliyekuwa ameapa pesa yake haitaingia tena kwenye kampuni ile, alinyanyuka akaenda akanunua. Alilivaa shati juu ya gauni, akalifunga vifungo mpaka juu, akarudi akapiga magoti pale pale.

Vidole vilikuja. Vikapanda wimbi, vikashuka wimbi, vikafika kwenye pembe, vikatulia. Mkono mwingine ukamwachia yule bwana.

“Amisi,” alisema Mama Safi.

“Ndiyo, mama.”

Waliondoka wameshikana. Nyumbani Karima aliponda makemba yakawa lituma, akampakulia na samaki, na mama yake akala mpaka akalamba vidole, akaomba tena. Karima alimtazama akila na moyo ukampanuka kwa furaha. Wakati huo huo aliona baridi, akajikunyata ndani ya shati.

Mama Safi alinawa mikono, akageuza uso kuelekea mlangoni.

“Nilikuwa na wawili,” akasema. “Mumoja, maji ilimubeba. Hatukumuona hata kumuzika.”

“Ndiyo, mama.”

“Maskini Karima. Hakusema sana, lakini alikuwa mutoto muzuri.” Akainua viganja vyake juu. “Njoo, Amisi. Tumuombee dada yako.”

Karima alisogea karibu, akafungua viganja vyake, na mama yake alipomtaja kwa jina na kumwombea kaburi lenye nuru, akaitikia amina.