Mama Aliyeogopa Kung'oa Plagi

Juzi nilipeleka barua ya kupigwa taipu Kahawa Wendani, nikamkuta mwanafunzi wa chuo akimsihi mama wa kutaipu ang'oe plagi ya kompyuta ikiwa kazini.

"Mimi? Zii!" mama akaficha mikono mgongoni. "Stima ikipotea nimelia mara ngapi? Zima vizuri."

"Mathe, kwani stima hupiga hodi?"

Hesabu za utafiti wa kijana huyo huchukua siku tatu kwenye kompyuta, na kila stima ilipopotea alianza upya. Basi ameandika programu ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, inayohifadhi kazi ingali inaendelea, na siku hiyo alitaka kuijaribu kabla ya kuwapa watu wengine kupitia intaneti.

Mama alifumba macho, akavuta. Skrini ikawa nyeusi. Kijana alipowasha tena, hesabu ziliendelea kutoka karibu pale zilipokatikia.

"Ngai! Imekubali!" mama akapiga makofi.

"Imekubali leo," kijana akasema, kisha akaandika tangazo lake: "Hili ni toleo la majaribio. Usiliamini bado."

Wakubwa wameniahidi mengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nisimwamini. Kijana huyu nimemwamini.