Madirisha Niliyoyafunga Chumba cha Pasi

Kosa langu la kwanza kazini nililifanya siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri: nilifunga madirisha ya chumba cha pasi.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Mjerumani, katika nyumba kubwa ya Waarabu pale Shangani. Kazi ile sikufunzwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa kanzu za marehemu baba yangu, na mkunjo mmoja ukibaki sikuwa na raha siku nzima. Sasa nimepewa kanzu za Idi za nyumba nzima, na niliogopa kufukuzwa hata jina langu halijajulikana.

Pasi zetu zilikuwa za makaa: sanduku la chuma, mbele yake jogoo mdogo wa kubania kifuniko, ndani makaa mekundu. Seredani, jiko la makaa ya akiba, lilikaa kando yetu. Upepo ukaingia, ukamwaga jivu juu ya kanzu iliyokwisha nyooka. Nikafunga madirisha yote na mlango nikaurudisha.

Mwenzangu, Mzee Haji, Mtumbatu wa umri wa baba yangu, alicheka. "Kijana, kanzu hiyo inakwenda msikitini tu, haiendi peponi."

Baadaye akalalamika kichwa. Na changu kilikuwa kinagonga. Ilikuwa Ramadhani, nikadhani ni saumu. Makaa yalikuwa mekundu, hayatoi moshi hata kidogo, nani angeyashuku? Kisha Mzee Haji akakaa chini, akalala ubavu. Nilimwita, asiitike, nikafungua mlango nikapiga kelele.

Watu wa nyumbani walikuja mbio. Mpishi mkuu akasema huyu kapandwa na shetani. Wakambeba mpaka chumba cha ndani, na mpishi akaenda kujaza chetezo makaa na ubani, ili mlango ufungwe afukizwe. Mimi nilibaki uani, na pale penye hewa kichwa changu kikaanza kupoa. Hapo nikaanza kuelewa, na hofu ikazidi.

Bi Zuwena, msimamizi wa nguo, akashuka ngazi. Habari za shetani hakuziuliza. Aliniuliza mimi: "Madirisha yalikuwa wazi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Chetezo kilikuwa kinapita mbele yangu, kinaelekea kwa Mzee Haji.

"Nliyafunga, Bi. Yote. Jivu lilikuwa linaingia."

"Rudisheni chetezo," akawaambia. "Haji mleteni hapa uani."

Mpishi alinung'unika kwamba shetani hatolewi kwa upepo. Bi Zuwena akamwambia basi ashike kipepeo ampepee huyo shetani wake. Wakamlaza kivulini, nami nikakaa nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka. Alipofumbua macho alitapika, kisha akauliza kama kanzu zimekwisha.

Ndipo Bi Zuwena akanigeukia. "Kanzu ikiingia jivu, nnaifua tena. Haji akifa, ntampeleka kwa dobi gani?"

Hakunifukuza. Alasiri ile ile alinifunza. Hewa mbaya ya makaa haina rangi wala harufu, na hata makaa mekundu huitoa. Seredani likae uani. Pasi ipulizwe nje, jivu likimbilie kule upepo unakokwenda. Madirisha mawili yanayotazamana yabaki wazi. Anayeumwa kichwa atoke kwanza, sababu aitafute akiwa nje. Alinyoosha kanzu moja mbele yangu, madirisha wazi, na haikuwa na doa. Sijaona tena mkono kama ule.

Miaka ya baadaye nilipelekwa nyumba yao ya Chukwani. Masika moja msimamizi wa shamba alitaka seredani liwekwe chumbani kwa mkewe aliyejifungua, mlango ufungwe asipate baridi. Nilipomwambia asiliweke, akaniuliza nani kanifanya tabibu. Sikubishana naye, nilimsimulia aibu yangu, yote. Alipomaliza kusikiliza alilitoa seredani kwa mikono yake, akamwongezea mkewe blanketi.

Sasa nimestaafu, na binti yangu anapiga pasi ya umeme. Mzee Haji aliishi miaka mingi, na kila Idi alinigeuza huku na huku akitafuta jivu kwenye kanzu yangu. Mara nyingi alilipata. Zamani lingeniharibia siku. Siku hizi naifua tena, na madirisha yangu yako wazi.