Pampu Iliyonyamaza

Leo nusura nifutwe kazi kwa sababu ya pampu isiyopiga kelele.

Jana bosi alinituma mimi, karani wake, ninunue pampu ya kuvuta dizeli ya lori. Fundi Musyoka alitaka ile inayonguruma, eti ndiyo yenye nguvu. Nilisoma maelezo mara tatu, nikachukua iliyo kimya.

Asubuhi pampu imefungwa kwenye lori. Dereva akageuza ufunguo nusu, kabla ya kuwasha injini.

Kimya.

"Karani, umetuletea maiti!" Musyoka akacheka.

Bosi akasema, "Ndengu zilizo kwenye lori zisipoondoka leo, utaenda nyumbani."

Nyinyi mngesema nini? Mimi nilisema, "Fundi, legeza kwanza paipu inayotoka kwenye pampu."

Akalegeza. Dizeli ikamrukia kifuani!

Lori limeshapita Makindu. Musyoka amenijia ofisini, akauliza kwa sauti ya chini kama naweza kumchagulia pampu ya pikapu yake.